Nyuki Hawaimbi Kama Kasuku

Katika sura ya 6 ya kitabu cha Mithali, mtu mvivu anatumwa aende akajifunze kwa chungu, yule mdudu mdogo tumwitaye sisimizi. Wengi wetu tulilisikia somo hilo tungali watoto kanisani, tukadhani kwamba ni somo la bidii tu. Lakini mwandishi wa Mithali aliona jambo jingine, wala hakulificha: chungu hana mkuu, hana msimamizi, hana mtawala, na bado hujiwekea akiba wakati wa mavuno. Neno hilo la pili halikuhubiriwa sana. Katika Kenya ya chama kimoja haikuwa salama kutangaza mimbarini kwamba iko jamii inayoendesha mambo yake bila ya mkuu.

Sisi tulifundishwa kinyume chake. Tangu mwaka 1982, kifungu cha 2A kilipotiwa katika Katiba na KANU ikafanywa chama pekee cha kisheria, hadi kilipofutwa mwezi Desemba 1991, watetezi wa mfumo ule hawakuchoka kutuambia kwamba mwananchi wa kawaida haoni mbali, na kwamba wengi wasioona mbali, wakiachiwa waamue wenyewe, watazaa fujo tu. Kwa hiyo, walisema, sharti pawe na jicho moja la kuona kwa niaba ya wote na sauti moja ya kusema kwa niaba ya wote. Hoja hiyo haikuzikwa pamoja na kifungu cha 2A. Imebadili nguo tu. Twaisikia hata leo kila tunapoambiwa tunyamaze tumngojee kigogo wa jamii yetu atuonyeshe pa kuelekea.

Basi na tuipime hoja hiyo kwa haki. Je, yawezekana viumbe wengi wadogo, ambao hakuna hata mmoja wao anayejua yote, wakafikia uamuzi wenye busara kuliko busara ya yeyote kati yao? Maumbile yanajibu kwamba yawezekana. Lakini jibu hilo lina masharti, na ni masharti hayo ambayo sisi wapenda mageuzi tumekuwa wepesi wa kuyasahau.

Mfugaji nyuki wa Ukambani hutundika mzinga wake wa gogo mtini kisha akangoja. Haendi kuwaleta nyuki. Nyuki huja wenyewe. Huja kwa sababu kundi lililokuwa limejaa katika makao yake ya zamani limegawanyika. Malkia mkongwe ametoka na sehemu kubwa ya wafanyakazi, nyuki wapatao 10,000 mara nyingi, wakatua kwenye tawi wakashikamana bumba moja. Hapo hawana nyumba, hawana akiba isipokuwa asali waliyobeba matumboni, na mvua ikiwakuta watateketea. Wakichagua tundu dogo mno, hapatakuwa na nafasi ya asali ya kuwavusha majira mabaya. Wakichagua lenye mlango mpana, adui ataingia. Uamuzi wao ni wa kufa na kupona.

Ni nani anayeamua? Si malkia. Jina lake limetupotosha. Yeye hukaa katikati ya bumba akingoja kuambiwa twende. Wanaoshughulika ni wapelelezi, nyuki mia kadhaa kati ya wale maelfu, wala si wapelelezi wa aina ile tuliyozoea kuiona ikiandika majina nyuma ya mikutano yetu. Hawa huruka kila upande, hata kilomita kadhaa, wakikagua matundu ya miti na nyufa za miamba.

Aliyetufumbulia siri hiyo ni Martin Lindauer, Mjerumani aliyekuwa mwanafunzi wa Karl von Frisch, yule aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1973 kwa kufasiri ngoma ya nyuki. Mjini Munich, miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Lindauer aliona nyuki wakicheza ngoma juu ya bumba lililotua, na miili yao haikuwa na chavua ya maua bali masizi na vumbi la matofali. Akatambua kwamba hawakuwa wametoka kutafuta chakula. Walikuwa wametoka kukagua mabomba ya moshi na magofu ya mji uliobomolewa kwa mabomu, wakitafuta nyumba. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1955.

Kila mpelelezi arudipo hucheza. Mwelekeo wa ngoma yake huonyesha upande wa kuruka ukilinganishwa na jua, na muda wa kila mtikisiko huonyesha umbali. Akiwa ameona mahali pazuri, huirudia ngoma mara nyingi. Akiwa ameona pa wastani, huirudia mara chache. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Nyuki anayeitazama ngoma ile haamini tu akaanza kuiiga. Huruka mwenyewe mpaka kwenye lile tundu, akaingia, akatembea ndani kwa miguu yake na kulipima. Akirudi, hucheza kwa kadiri ya alichokiona yeye, si kwa kadiri ya shangwe ya yule aliyemtuma. Na kila mpelelezi, hata yule aliyeona mahali pazuri kabisa, hupunguza ngoma yake kila anaporudi, mpaka akanyamaza. Hakuna anayeng'ang'ania hoja yake hadi kufa. Mahali pazuri hudumu katika mjadala kwa sababu mashahidi wapya wanaendelea kupathibitisha. Mahali pabaya husahauliwa kwa sababu mashahidi wake wamenyamaza na hawakupata warithi.

Thomas Seeley wa Marekani, aliyeiendeleza kazi hiyo kwa miaka mingi, aliwapeleka nyuki kwenye kisiwa cha Appledore katika jimbo la Maine, mahali pasipo na miti mikubwa ya kuwavuruga. Akaweka masanduku 5, moja tu likiwa na ukubwa unaowafaa. Katika majaribio 5, bumba lilichagua sanduku bora mara 4. Hakuna nyuki aliyeyakagua masanduku yote na kuyalinganisha. Ulinganisho ulifanyika kati yao, si ndani ya kichwa cha yeyote.

Na bumba hujuaje kwamba mjadala umekwisha? Halingojei hadi wote wakubaliane. Wapelelezi wanapokuta wenzao wapatao 20 au 30 wamekusanyika kwa pamoja kwenye tundu moja, hiyo ndiyo akidi. Hurudi wakipiga mlio wa kuwaamsha wengine, misuli ikapashwa moto, na bumba lote likaruka pamoja. Aidha, mwaka 2012 Seeley na wenzake walieleza kwamba mpelelezi wa upande mmoja humwendea mchezaji wa upande mwingine, akamgonga kwa kichwa na kutoa mlio mfupi wa kumtaka apunguze ngoma. Nyuki basi wana upinzani. Upinzani huo ndio unaowasaidia kutokwama pale mahali pawili panapolingana kwa uzuri.

Asije mtu akasema kwamba hayo ni ya wadudu tu. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walishindana kukisia uzito wa ng'ombe dume akishachinjwa na kusafishwa. Francis Galton, msomi ambaye hakuwa na imani kubwa na akili ya watu wa kawaida, alizipata karatasi 787 za makisio yao na kuzipanga kwa mfuatano. Kisio la katikati lilikuwa ratili 1,207. Uzito halisi ulikuwa ratili 1,198. Kosa halikufika hata asilimia 1. Mwaka 1907 alichapisha makala ambayo kichwa chake cha Kilatini maana yake ni sauti ya watu. Tuangalie lakini jinsi watu wale walivyokisia: kila mmoja aliandika karatasi yake, kwa jicho lake, na senti zake zilikuwa hatarini. Hakuna aliyesimama jukwaani akawaambia wote waandike nini.

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Tumezoea kuutumia msemo huo kwa kuwakejeli wabishi. Kumbe ndani yake mna siri ya busara ya umma: makosa yangu na makosa yako, yakiwa hayakutoka chungu kimoja, hupunguzana nguvu, ukweli kidogo nilionao na ukweli kidogo ulionao hujumlishana.

Sasa tugeuze ukurasa, kwa maana yule mdudu wa Mithali naye ana upande wa giza. William Beebe, Mmarekani mtafiti wa viumbe, alisimulia katika kitabu alichokichapisha mwaka 1921 jinsi alivyowaona siafu katika msitu wa nchi ambayo leo ni Guyana, Amerika ya Kusini. Siafu hawa karibu ni vipofu. Kila mmoja hufuata harufu aliyoiacha wa mbele yake. Siku ile kichwa cha msafara kilikuwa kimeikuta njia ya mkia wake chenyewe, mstari ukawa duara. Mzingo wa duara lile ulikuwa wa futi zipatazo 1,200, na siafu mmoja alihitaji saa mbili na nusu kulizunguka. Walizunguka mchana na usiku, kila mmoja akiwa mtiifu, hakuna hata mmoja mvivu, hakuna msaliti, mpaka wengi wao wakafa kwa uchovu njiani. Kila mmoja alikuwa akifuata nyayo.

Ndugu msomaji, hatukulitafuta neno hilo, lilikuwapo. Tangu mwaka 1978 nchi hii iliambiwa ifuate nyayo. Mwaka 1984 Rais Daniel arap Moi aliwataka mawaziri wake na viongozi wengine waimbe kama kasuku, wasitie wimbo wao. Na mwaka 1988 tukapewa mlolongo: wananchi wakapangwa mstari nyuma ya wagombea mchana kweupe, chifu akitazama, mwajiri akitazama, jirani akitazama. Viongozi wa makanisa walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu ulipopitishwa mwaka 1986, na walikuwa na haki. Dhambi ya mlolongo haikuwa tu kwamba palikuwa na mahali mstari mfupi ulipotangazwa kuwa mrefu. Dhambi yake ya kwanza ni kwamba ulimpokonya mtu jicho lake. Aliyesimama kwenye mstari hakutoa ushahidi wa alichokiona. Alitazama mgongo wa aliye mbele. Taifa lililo namna hiyo laweza kuwa na watu milioni 20 na bado likawa na akili ya mtu mmoja, pamoja na makosa yake yote, bila wa kuyasahihisha.

Mlolongo uliachwa mwishoni mwa mwaka 1990, na mwaka uliofuata vyama vingi vikarudi. Lakini tukiri kosa letu pia, kwa sababu jarida la mageuzi lisilokiri kosa ni kasuku wa rangi nyingine. Mwaka 1992 upinzani uliingia uchaguzini ukiwa vipande vipande, FORD yenyewe ikiwa imepasuliwa kati, na Rais Moi akashinda kwa takribani asilimia 36 ya kura. Lindauer aliwahi kuona bumba la nyuki lililoruka kabla pande mbili hazijaafikiana. Nusu lilivuta huku, nusu likavuta kule, na katika vurugu hiyo malkia akapotea. Wapelelezi wetu wa mwaka 1992 walikuwa wengi na hodari, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuipunguza ngoma yake. Ilipofika mwaka 2002 walikuwa wamejifunza: waliokuwa na haki ya kutaka kiti waliziachilia ngoma zao, wakaungana, na utawala wa KANU wa miaka 39 ukaondoka kwa kura.

Tangu hapo tumeona dalili nyingine za busara ya wengi, na dalili za wazimu wao pia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uvumi ulikimbia kuliko ushahidi, kila mmoja akiamini alichoamini jirani yake, na zaidi ya watu 1,100 wakauawa. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais. Mwaka 2022 fomu za matokeo kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Yaliyofuata mahakamani yanajulikana, na wasomaji wetu hawana kauli moja juu yake. Lakini lile tendo la kuziweka wazi fomu lilikuwa tendo la nyuki: nenda mwenyewe, ingia ndani, pima, kisha urudi useme. Na mwezi Juni 2024 vijana waliusoma Mswada wa Fedha, wakaufafanua kwa lugha za mama zao, wakaujadili bila chama na bila mkuu, mpaka Rais akakataa kuutia sahihi. Wapo waliolipa kwa maisha yao. Mungu awalaze pema.

Hata hivyo tusiupake mfano huu asali kupita kiasi. Nyuki wa bumba moja ni ndugu. Nyumba ikiwa mbaya watakufa wote, kwa hiyo hakuna mpelelezi mwenye faida ya kusema uongo. Sisi sivyo. Kwetu mpelelezi aweza kununuliwa kwa noti mbili na fulana, akacheza ngoma ya mahali asipopaona. Kwetu kuna anayenufaika kundi likipotea. Ndiyo maana nyuki hawahitaji katiba nasi twaihitaji. Kura ya siri, fomu iliyobandikwa mlangoni mwa kituo, mahakama isiyopigiwa simu, gazeti lisilofungwa: hayo ni masharti yaleyale ya nyuki, yakiwa yameandikwa sheria kwa ajili ya viumbe wanaojua kudanganya. Anayeyadhoofisha hata kama ni wa upande wetu, anatengeneza duara la siafu.

Kwa hiyo twawaambia wanaharakati wenzetu: msijivunie umati. Umati wa mkutano wa hadhara hautuambii kitu ikiwa elfu kumi wamerudia maneno ya mmoja. Jiulizeni ni wangapi kati yao waliokwenda kuona wenyewe: wodi ambayo zahanati yake ina kufuli, barabara iliyolipiwa isiyokuwapo, daftari la wapiga kura lenye majina ya marehemu. Afadhali watu 30 waliokagua kuliko 3,000 waliosimuliwa. Na katika kamati zetu wenyewe, anayepinga hoja ya mwenyekiti asiitwe kibaraka. Huenda ndiye anayetuzuia tusiruke kabla ya wakati.

Nanyi waumini, jumuiya zenu ndogondogo, vikundi vya akina mama na kamati za haki na amani za parokia ni mahali pachache palipobaki ambapo mkulima, mwalimu na mwuza mitumba huketi duara moja na kusikilizana. Msiigeuze duara hiyo kuwa ya siafu. Kanisa la Anglikana lilipotangaza mwaka 2021 kwamba wanasiasa hawatapewa mimbari, halikuwa linakimbia siasa. Lilikuwa linakataa kuwa bomba la sauti moja. Kumbukeni watu wa Beroya katika Matendo ya Mitume, sura ya 17. Walimpokea Paulo kwa moyo wa kupenda, lakini kila siku waliyachunguza Maandiko waone kama aliyoyasema ndivyo yalivyo. Luka hakuwahesabu kuwa wakaidi kwa ajili hiyo. Aliwasifu kuwa waungwana. Ikiwa Mtume Paulo alichunguzwa na akakubali, ni mbunge gani, ni askofu gani, ni mhariri gani wa kusema yeye asichunguzwe?

Sisi wa jarida hili hatuwaombi mtuamini. Tumecheza ngoma yetu, kwa kadiri ya tulichokiona. Tundu lenyewe liko kule, na mabawa mnayo. Nendeni mkaone, kisha mrudi mseme, hata kama mtasema kwamba tumekosea.

Mungu ibariki Kenya.